Mizani ya Kumpima Mchezeshaji Kijana

Katika mpira wa kikapu kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwafanya wenziwe wawe bora kuliko walivyo, naye ni mchezeshaji, yule ambaye vijana wa viwanjani humwita pointi gadi: ndiye aupandishaye mpira kutoka upande wa kwao hadi upande wa wapinzani, ndiye atoaye amri ya mchezo utakaochezwa, na ndiye ambaye, katika sekunde 24 ambazo ligi ya NBA ya Marekani huipa kila timu kabla ya kuitaka itupe mpira kikapuni, huamua nani aupate, wapi, na kwa wakati gani. Kwa kuwa kazi yake imefungamana na kazi za wengine wanne, kumpima peke yake ni taabu. Na kwa kuwa timu inayompima aghalabu ni timu iliyoshindwa mwaka mzima, yenye mashabiki waliochoka na wakubwa wenye wahaka, taabu hiyo huzidishwa na haraka.

Ligi hiyo ina utaratibu wa kuwagawa vijana wapya kila mwaka, mwezi wa Juni, ambao huitwa drafti: timu zote hupangwa kwa zamu, zilizo dhaifu zikitangulia na zenye nguvu zikifuata nyuma, na kila moja hulitaja jina la kijana imtakaye katika duru mbili za uteuzi. Tangu mwaka 1985 zamu za mwanzo kabisa hutolewa kwa bahati nasibu baina ya timu zilizokosa kuingia katika mashindano ya mtoano, ili pasiwe na timu itakayoridhia kushindwa kwa makusudi mradi iwe ya kwanza. Utaratibu huu una insafu ndani yake, maana humpa mnyonge haki ya kuchagua kabla ya mwenye nguvu. Walakini haki ya kuchagua mapema haiji pamoja na maarifa ya kuchagua vyema, na historia ya drafti imejaa timu zilizotangulizwa mwaka baada ya mwaka na zikabaki pale pale zilipokuwa.

Nia yangu katika uchambuzi huu ni kulitazama suala hili kwa ujumla wake: timu iliyo katika dhiki impime vipi mchezeshaji atokaye chuoni, na ni kitu gani hasa huipotosha? Jawabu nitakalolitetea ni kwamba kila sifa aonekanayo nayo kijana ina asili moja kati ya tatu: ama ni yake mwenyewe, na ataichukua popote aendapo, ama ameazimwa na chuo chake, kwa mbinu za kocha na ubora wa wenziwe, naye ataiacha nyuma siku aondokapo, ama imezuliwa na haja ya timu inayomtazama, ambayo kwa ukali wa dhiki yake humvika kijana sifa asizokuwa nazo. Mwenye kuweza kuzitenga asili hizi tatu amekwisha fanya nusu ya kazi, na nusu iliyosalia ni kuitengeneza nyumba ambamo kijana huyo atakuja kukaa.

Sijui mfano ulio wazi kuliko drafti ya tarehe 25 Juni 2009, iliyofanyika katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Wasomaji wa Tanzania wanaukumbuka usiku ule kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha takriban mita 2.21, aliyetokea Chuo Kikuu cha Connecticut, ambaye aliitwa wa pili na timu ya Memphis na kuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile. Lakini mwaka ule, kwa wajuzi wa mchezo, ni mwaka wa wachezeshaji: Tyreke Evans wa Chuo Kikuu cha Memphis aliitwa wa 4, Ricky Rubio wa Hispania wa 5, Jonny Flynn wa Syracuse wa 6, Stephen Curry wa Davidson wa 7, Brandon Jennings wa 10, Jrue Holiday wa chuo cha UCLA wa 17, Ty Lawson wa North Carolina wa 18, Jeff Teague wa Wake Forest wa 19, na Darren Collison, naye wa UCLA, wa 21. Timu iliyokuwa ikimtafuta mchezeshaji haikuweza kuomba mwaka bora kuliko huo.

Na timu iliyokuwa na haja hiyo kwa dhahiri ilikuwa Minnesota Timberwolves. Mwaka 2007 ilikuwa imemwachia nyota wake, Kevin Garnett, aende Boston. Haikuwa imeingia katika mtoano tangu mwaka 2004. Na katika msimu wa 2008-09 ilishinda michezo 24 ikapoteza 58. Mwezi wa Mei 2009 ikamkabidhi David Kahn uongozi wa mambo yote ya mpira, naye, siku chache kabla ya drafti, akawatoa Randy Foye na Mike Miller kwa timu ya Washington ili apate zamu ya tano, hata Minnesota ikawa na zamu mbili mfululizo, ya tano na ya sita. Akamwita Rubio, kisha akamwita Flynn. Na Curry, aliyekuwa bado hajatwaliwa, akaitwa na Golden State Warriors iliyokuwa ya saba. Ilipofika zamu ya 18 Minnesota ikamtaja mchezeshaji wa tatu, Lawson, na kumhamishia Denver kwa badali ya zamu katika drafti ya mbele.

Yaliyofuata hayana siri. Rubio alibaki Hispania miaka miwili kabla ya kuvuka bahari. Flynn alicheza misimu mitatu tu katika ligi. Minnesota ikashinda michezo 15 kati ya 82 katika msimu uliofuata na 17 katika ule wa baada yake. Na Curry akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, na pamoja na wenziwe akabeba ubingwa mara nne. Lakini kuyataja matokeo si kuyaeleza, na mchambuzi anayeusoma usiku ule kwa kuanzia mwisho wake hana faida atakayompa mtu anayesimama leo mbele ya uamuzi kama ule. La kutafuta ni yale yaliyoweza kuonekana kabla ya jina la kwanza kutajwa.

Tuanze na Flynn, kwa kuwa waliomchagua hawakuchagua kwa upofu. Tarehe 12 Machi 2009, katika ukumbi uleule wa Madison Square Garden, Syracuse ilikutana na Connecticut ya Thabeet katika robo fainali ya mashindano ya Big East, na mchezo ukaenda vipindi sita vya muda wa ziada. Katika vitano vya mwanzo Syracuse haikuongoza hata mara moja. Kila mara ilitanguliwa, na kila mara ikarejea na kusawazisha kabla ya kengele. Wachezaji walitolewa kwa kukusanya makosa, Thabeet akiwa miongoni mwao, na wengine walishika viuno kwa uchovu. Lakini Flynn, aliyecheza dakika 67 kati ya 70, aliendelea kuupandisha mpira, akafunga pointi 34 na kutoa pasi 11 za kikapu, yaani pasi zinazomfikia mwenzake na kuzaa pointi papo hapo. Syracuse ikashinda 127 kwa 117, saa za usiku wa manane zikiwa zimekwisha pita, na siku iliyofuata kijana yule akaingia tena uwanjani na timu yake ikashinda tena kwa muda wa ziada. Ni nani aliyeuona mchezo ule asiseme kwamba hapa pana kiongozi?

Na kweli palikuwa na kiongozi. Pumzi, moyo na uso usioonyesha hofu vilikuwa vyake mwenyewe, havikutoka kwa kocha. Lakini mchezo ule, kwa uzuri wake wote, haukujibu swali moja zito. Chini ya kocha Jim Boeheim, Syracuse ilikuwa ikilinda kwa kanda: wawili mbele na watatu nyuma, kila mmoja akichunga eneo lake badala ya kumfuata mtu. Katika NBA, ambako tangu mwaka 2001 mlinzi haruhusiwi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu, kanda ya namna ile haiwezi kuwa tegemeo la kila usiku. Na mchezeshaji hulazimika kumfuata mwenzake ana kwa ana, kupita nyuma ya majitu yanayomkingia njia, na kufanya hivyo katika michezo 82. Kijana mwenye kimo cha takriban mita 1.83 aliyelindia kanda miaka miwili hakuwa ameacha ithibati ya kutosha, ya wema wala ya ubaya, juu ya kazi hiyo. Usiku wa vipindi sita ulithibitisha moyo wake na haukuthibitisha ulinzi wake. Na timu yenye dhiki, iliyokuwa ikililia kiongozi, ililiona jambo la kwanza kwa ukubwa hata la pili likajificha nyuma yake.

Kwa upande wa Curry lawama zilikuwa za namna nyingine. Ilisemwa kwamba ni mwembamba, kwamba Davidson ni chuo kidogo cha jimbo la North Carolina kinachokutana na wapinzani wadogo, na kwamba yeye ni mtupaji, hakuwa mchezeshaji wa dhati. Lawama hizi zilikuwa na haki ya kusikilizwa, lakini kila moja ilikuwa na jawabu lake katika kumbukumbu za michezo. Kuhusu wapinzani wadogo, katika mashindano ya taifa ya mwaka 2008 aliwafunga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30, Wisconsin 33, na Kansas, ambao ndio waliotwaa ubingwa mwaka ule, 25, na Davidson ikatolewa kwa tofauti ya pointi mbili tu, 59 kwa 57. Kuhusu uchezeshaji, mwaka ule hakuwa na sababu ya kuushika mpira, kwa kuwa mwenziwe Jason Richards ndiye aliyeongoza taifa zima kwa pasi za kikapu. Richards alipomaliza masomo Curry akakabidhiwa usukani, na katika msimu wa 2008-09 akatoa pasi za kikapu 5.6 kwa mchezo huku akiongoza nchi kwa kufunga, wastani wa pointi 28.6.

Liko tukio moja la msimu ule ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kuzingatiwa kuliko usiku wowote wa pointi 40. Mwezi wa Novemba 2008 Davidson ilicheza na Loyola ya Maryland, na kocha wa Loyola akaamuru watu wawili wamshike Curry tangu mwanzo hadi mwisho, mpira uwe naye au usiwe naye. Kijana aliyekuwa akiongoza taifa kwa kufunga alifanya nini? Alikwenda kusimama pembeni, mbali na mpira, walinzi wake wawili wakamfuata huko, na wenziwe wanne wakabaki kucheza na wapinzani watatu. Usiku kucha alitupa mpira mara tatu tu na hakupata pointi hata moja, na Davidson ikashinda 78 kwa 48. Mchezeshaji ni mtu anayejua nafasi iko wapi na kumpa haki aliye katika nafasi hiyo. Na kijana wa miaka 20 aliyekubali kuondoka uwanjani na sifuri ili timu yake ishinde kwa pointi 30 alikuwa amekwisha toa hoja iliyo kamili juu ya fahamu yake na juu ya tabia yake.

Kuhusu ufundi wenyewe, mtupo wa mbali ni katika vitu vichache ambavyo huvuka kutoka chuoni hadi ligini bila kupungua sana, lakini hata huo una mizani yake. Mstari wa pointi tatu wa vyuo ulikuwa mita 6.02 kutoka kikapuni hadi mwaka 2008, ukasogezwa hadi mita 6.32, ule wa NBA uko mita 7.24 mbele ya kikapu, ukikaribia kidogo pembeni. Mtu akihesabu mitupo iliyoingia bila kuuliza ilitupwa kutoka wapi, na mbele ya mlinzi aliye karibu kiasi gani, amehesabu nusu tu. Curry, aliyeweka rekodi ya vyuo kwa vikapu 162 vya pointi tatu katika msimu wa 2007-08, alikuwa akitupa kutoka nyuma sana ya mstari, mara nyingi akitoka kuudunda mpira mwenyewe na mkono wa mlinzi ukiwa usoni pake. Wajuzi hutazama kadhalika mitupo ya adhabu, ambayo hapana mlinzi wala mwenza awezaye kuibadilisha, kwa kuwa huko mkono wa kijana huonekana mtupu. Rubio naye, aliyecheza na watu wazima katika ligi ya Hispania tangu akiwa na miaka 14, alikuwa na jicho la pasi ambalo ni nadra kupatikana, na jicho hilo likavuka bahari salama. Lakini mtupo wake ulikuwa dhaifu tangu kwao, nao udhaifu ukavuka vilevile, hata katika misimu yake miwili ya mwanzo ligini akawa akiingiza chini ya asilimia 40 ya mitupo yake yote.

Hadi hapa tumesema juu ya sifa zinazokuzwa na chuo. Ni wajibu kusema pia juu ya zile zinazofichwa. Katika chuo cha UCLA, kocha Ben Howland alifundisha mchezo wa taratibu, wenye ulinzi mkali na mashambulizi machache, na mpira ukiwa mikononi mwa Collison. Jrue Holiday, aliyecheza hapo mwaka mmoja tu, aliwekwa pembeni na kumaliza na wastani wa pointi 8.5 kwa mchezo. Mwenye kusoma karatasi ya hesabu peke yake angesema ni kijana wa kawaida. Lakini mwaka mmoja tu nyuma Russell Westbrook alikuwa ametoka katika chuo kilekile, kivuli cha Collison kilekile, na kuitwa wa nne. Zamu 16 zilimpita Holiday mwaka 2009 hata Philadelphia ikamtwaa. Naye akateuliwa katika mchezo wa nyota mwaka 2013, na akawa nguzo ya ubingwa wa Milwaukee mwaka 2021 na wa Boston mwaka 2024. Aliyeutazama mwili wake, miguu yake katika ulinzi, na utulivu wake alipopewa mpira kwa nadra, aliweza kukisia kwamba chuo kilikuwa kimemfunika.

Lawson alikuwa kinyume cha Holiday, maana timu yake ya North Carolina, iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 2009, ilicheza kwa mbio na ilijaa wafungaji hodari. Ilikuwa halali kuuliza ni ngapi kati ya pasi zake za kikapu zilikuwa zake, na ngapi zilikuwa za wenziwe waliozifunga. Lakini hapo ndipo panapotakiwa ujuzi wa kuzisoma hesabu: pasi ya kikapu huhitaji mtu wa pili aifunge, hali mpira uliopotezwa ni dhima ya aliyeupoteza. Lawson alitoa pasi za kikapu zaidi ya tatu kwa kila mpira mmoja aliopoteza, naye akikimbia kuliko wote uwanjani, na katika fainali alimpokonya mpinzani mpira mara nane. Hata tukiziondoa pasi zote zilizoazimwa na wenziwe, kasi na uangalifu vinabaki kuwa mali yake; na kweli akawa mchezeshaji wa kutegemewa Denver kwa miaka kadhaa.

Asije mtu akafahamu kwamba ninafundisha kumwamini kila mfungaji wa chuo kidogo au kumdharau kila mtu wa chuo kikubwa. Mwaka 2011 timu ya Sacramento, nayo katika dhiki ya miaka, ilimpata Jimmer Fredette wa chuo cha Brigham Young kwa nafasi ya 10 katika drafti. Fredette alikuwa ameongoza taifa kwa wastani wa pointi 28.9, na shauku ya watu juu yake ilikuwa kubwa. Usiku huohuo, kwa jina la mwisho kabisa, la 60, Sacramento ikamwita Isaiah Thomas wa Chuo Kikuu cha Washington, kijana wa kimo cha mita 1.75. Fredette hakudumu, kwa sababu wepesi uliomtenga na walinzi wa chuoni haukutosha kumtenga na walinzi wa ligi, na mtupo bila nafasi ya kuutupa haumsaidii mtu. Hali Thomas, aliyekuwa na hatua ya kwanza ya ghafula na nguvu ya kugongana na wakubwa chini ya kikapu, alikuja kufunga wastani wa pointi 28.9 uleule katika ligi yenyewe, akiwa Boston, msimu wa 2016-17. Vijana wawili waliingia nyumba moja usiku mmoja, na timu iliyowachukua wote wawili ilikuwa imewapanga kinyume.

Juu ya kimo na umri sina haja ya kusema mengi. Kimo hupimwa kwa urahisi, urefu wa mikono hupimwa, mruko hupimwa, na kwa sababu hiyo vipimo hivyo hupewa uzito kupita stahili yake; lakini mchezeshaji mwenye kimo kifupi anahitaji kitu cha kukifidia, iwe ni mikono mirefu, kifua chenye nguvu au kasi, na asipokuwa nacho ulinzi wa timu nzima hulipia. Umri nao una hukumu mbili: kijana wa miaka 19 ana wasaa wa kukua, na yule wa 21 au 22 ana ithibati nyingi zaidi. Timu dhaifu hupenda kununua wasaa, kwa kuwa matumaini hayawezi kukanushwa mpaka baada ya miaka. Lakini wasaa bila ithibati ni dhana tupu.

Sasa tuje kwenye nyumba. Usiku ule Minnesota ilipowaita Rubio na Flynn haikuwa na kocha, kwa kuwa Kevin McHale alikuwa amekwisha ondoka. Na kocha mpya, Kurt Rambis, hakuajiriwa hadi mwezi wa Agosti. Rambis alikuja na mfumo wa pembetatu aliouzoea Los Angeles, mfumo ambao mpira huzunguka kwa kila mtu na hauhitaji mchezeshaji wa kuushika na kuamuru. Yaani Minnesota ilitumia zamu zake mbili za juu kwa watu wa kazi fulani, kisha ikamwajiri kocha ambaye mbinu zake ziliipunguza kazi hiyo. Kama kwamba hilo halikutosha, kabla ya msimu kuanza ikamsajili Ramon Sessions, mchezeshaji mwingine, na mwaka uliofuata Luke Ridnour, mwingine tena, hali Rubio bado anangojewa kutoka Hispania. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa chombo kilikwenda mrama kweli. Flynn alifunga wastani wa pointi 13.5 katika mwaka wake wa kwanza, si haba kwa mgeni. Kisha mwezi wa Julai 2010 akapasuliwa nyonga, akarudi bila wepesi ambao ndio uliokuwa rasilimali yake, na mwaka 2011 akahamishwa. Hapana awezaye kuapa kwamba nyumba nyingine ingemwokoa, lakini nyumba ile haikumpa njia.

Golden State nayo haikuwa timu ya fahari. Ilikuwa imeshinda michezo 29 tu, na tayari ilikuwa na mlinzi mfungaji, Monta Ellis, ambaye mbele ya waandishi alisema wazi kwamba yeye na Curry hawawezi kucheza pamoja kwa sababu ya udogo wa miili yao. Kwa mizani ya haja, basi, Golden State haikuwa na sababu ya kumwita Curry; ilimwita kwa sababu ilimwona kuwa bora katika waliobaki, ikayaacha mashaka ya nafasi yatatuliwe baadaye. Kifundo cha mguu kilimsumbua hata msimu wa 2011-12 akacheza michezo 26 tu. Nao ndio msimu ambao timu, ikilazimika kuchagua baina ya wawili, ilimtoa Ellis kwa Milwaukee ili kumpata Andrew Bogut, mtu mrefu wa kukaa nyuma yake na kumkingia njia. Ubingwa wa mwaka 2015, wa kwanza kwa timu hiyo baada ya miaka 40, ulikuwa tunda la subira ile kama ulivyokuwa tunda la uteuzi.

Atasema mpinzani wa hoja hii kwamba nimechagua mfano unaonifaa, na kwamba ukiitazama drafti ya 2005 utaona Atlanta, iliyoshinda michezo 13 na kukosa mchezeshaji, ikimpita Chris Paul na kumwita Marvin Williams wa pili kwa kuwa iliona ana kipaji kikubwa zaidi. Je, hapo haja isingeokoa? Ni swali la haki. Lakini Williams alikuwa mchezaji wa akiba chuoni kwake North Carolina, na sifa aliyopewa ilikuwa ni ya mambo yatakayokuja. Hali Paul alikuwa ameichezesha Wake Forest miaka miwili mbele ya macho ya kila mtu. Atlanta haikukosea kwa kuipuuza haja yake, ilikosea kwa kuiweka dhana mbele ya ithibati, na hilo ni kosa lilelile la Minnesota likija kwa mlango wa pili. New Orleans, iliyomtwaa Paul wa nne, ilitoka ushindi 18 hadi 38 katika msimu mmoja.

Atasema tena kwamba bahati ina sehemu yake, na kwamba lau kifundo cha Curry kisingepona pasingekuwa na makala hii. Nakubali kwamba bahati ina sehemu yake. Lakini kazi ya mteuzi ni kuitenda ipasavyo sehemu iliyo mikononi mwake, na sehemu hiyo ni kubwa kuliko wanavyokiri wale waliokosea. Imkute timu swali hili mwaka wowote, iulize kwanza ni zipi katika sifa za kijana ambazo mbinu za chuo chake hazikuweza kumpa, na zipi ambazo mbinu hizo zimemnyima fursa ya kuonyesha. Iulize alifanya nini siku alipozuiwa, kwa kuwa kila mchezeshaji wa ligi huzuiwa. Iulize ni yupi ingemwita kama isingekuwa na pengo lolote, kisha iangalie kama ni yuleyule. Na kabla ya kulitaja jina, iwe imekwisha amua ni kocha gani atakayempokea, ni mfumo gani atakaoucheza, na ni nani atakayeondoka ili yeye apate mpira.

Timu isiyoweza kulijibu hili la mwisho haijawa tayari kumpokea mchezeshaji yeyote, hata awe bora wa zama zake, na ni afadhali itumie zamu yake kwa mchezaji wa nafasi nyingine mpaka itakapojua inataka kucheza mpira gani. Kijana anayeitwa jina lake usiku wa drafti aghalabu ana miaka 19 hadi 22, na miaka minne ya mwanzo ndiyo itakayoamua kama atakuwa na kazi au hatakuwa nayo. Anayemchukua amechukua amana. Ndiyo maana timu iliyo dhaifu, kabla ya kumpima mtoto wa watu, inapaswa kujipima yenyewe kwa ukali uleule, kwani makosa mengi yanayoandikwa kwa jina la kijana yalikuwa yamekwisha fanywa na wakubwa wake kabla hajavaa jezi.